Kibali cha Kuishitaki Serikali

Wahenga walisema kesi ya ngedere usimpelekee nyani. Hata hivyo, kwa miaka mingi Mtanzania aliyeidai Serikali yake alilazimika kufanya hivyo hivyo. Awe amenyang'anywa shamba na ofisa, au amegongwa na gari la Serikali, hakuweza kufungua kesi mpaka Waziri anayehusika na sheria ampe kibali. Anayelalamikiwa ndiye aliyeshika ufunguo wa mlango wa mahakama.

Mawazo hayo tuliyarithi kutoka Uingereza, ambako mfalme hakushitakiwa ila kwa ridhaa yake. Waingereza wenyewe waliachana nayo mwaka 1947. Sisi tukayaweka katika Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ya mwaka 1967, kama ilivyorekebishwa mwaka 1974. Sheria hiyo haikumwekea Waziri utaratibu wa kufuata wala muda wa kujibu. Angeweza kunyamaza tu, na shauri likafia mezani kwake.

Ndugu wasikilizaji, siyo kwamba wakubwa wa wakati huo hawakujua kuwa watumishi wa umma huweza kuonea watu. Mwaka 1966 iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi kupokea malalamiko ya wananchi. Lilikuwa jambo jema, na wengi walisaidiwa. Lakini Tume ilipeleka taarifa zake kwa Rais, na haikuwa na uwezo wa kutoa hukumu. Mwananchi alipata msikilizaji, siyo hakimu.

Mwaka 1984 Hati ya Haki za Binadamu iliingizwa katika Katiba. Serikali ikajipa miaka 3 ya kusafisha sheria zake kabla watu hawajaruhusiwa kuidai mahakamani. Muda huo uliisha Machi 1988, na sharti la kibali lilikuwa bado lipo pale pale.

Aliyeling'oa hakuwa Waziri wala Mbunge. Mwaka 1993, katika rufani ya Kukutia Ole Pumbun na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba sharti hilo linakwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa linamzuia raia kufika mbele ya mahakama na halina kinga dhidi ya matumizi mabaya ya madaraka. Mwaka 1994 Bunge lilibadili sheria. Badala ya kibali, mdai akatakiwa kutoa notisi ya siku 90.

Lakini mwaka huo huo wa 1994 Bunge lilitunga sheria nyingine, iliyotaka mashauri ya haki za msingi yasikilizwe na majaji 3 wa Mahakama Kuu, ambapo awali jaji mmoja alitosha. Majaji walikuwa wachache na mikoa ni mikubwa. Na mwaka 2020 sheria hiyo ilirekebishwa, mlalamikaji akatakiwa aonyeshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika.

Ndiyo maana haifai kuridhika kwa kusema tuna Katiba nzuri. Mlango ukifunguliwa na mahakama, unaweza kurudishiwa nusu kwa kifungu kidogo ambacho hakuna aliyekisoma. Muswada unapofika Bungeni, tuulize mapema: je, mnyonge wa kijijini, asiye na wakili wala nauli, atafikaje kwa jaji?