Kukomaza Tangi

Wengi tulichora mzunguko wa nitrojeni shuleni: mishale inatoka hewani, inapita kwenye mizizi ya kunde, inaingia kwa ng'ombe, inarudi udongoni, kisha hewani tena. Anayeanza kufuga samaki wa mapambo hukutana na istilahi hiyohiyo anapoweka tangi la kioo sebuleni, na hapo ndipo inapompoteza. Waingereza huambiana wazungushe tangi kabla ya kutia samaki. Mwambie hivyo Mswahili, atawasha pampu, ataona maji yanazunguka, atajua kazi imekwisha.

Kumbe kinachosubiriwa ni bakteria. Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia matamvua. Kinyesi na mabaki ya chakula yakioza huongeza nyingine. Ziwani amonia hiyo hupotelea kwenye wingi wa maji. Kwenye tangi la lita 60 haina pa kwenda. Huunguza matamvua, samaki wanapanda juu wakitweta, na wewe ukitazama unaona maji maangavu kabisa, maana amonia haina rangi. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile: damu inashindwa kubeba oksijeni na kugeuka kahawia. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi. (Majina hayo mawili yametofautiana irabu moja tu, basi soma lebo ya kichupa cha kupimia mara mbili.) Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyeonyesha, mwishoni mwa karne ya 19, kwamba kila hatua ina bakteria wake. Mwaka 2015 ikatangazwa kuwa wapo Nitrospira wanaoziweza hatua zote mbili peke yao.

Safari, basi, inakomea kwenye nitrati. Mimea hunyonya kidogo. Iliyobaki hulimbikizana mpaka mwenye tangi achote sehemu ya maji na kutia mengine. Mzunguko gani huo unaoishia kwenye ndoo? Kwa mchoro wa shuleni istilahi ni sahihi, iachwe kama ilivyo. Kwa shughuli ya sebuleni mimi nasema kukomaza tangi. Kuandaa tangi ni pana mno, kwani hata kuosha changarawe ni kuandaa. Kukomaa kunabeba muda, na muda ndio shida yenyewe: bakteria hawa huongezeka polepole, na kwenye maji ya nyuzi 25 hivi kazi huchukua kwa kawaida wiki nne hadi sita. Tena kinyume chake kinapatikana bila kuhangaika: tangi changa. Mtu akisema samaki wake wamefia kwenye tangi changa, huna haja ya kuuliza waliugua nini.

Papara humgharimu zaidi anayependa samaki wa maziwa yetu. Samaki wa Ziwa Tanganyika, na mbuna wa Ziwa Nyasa ambao jina lao la kienyeji limefika hadi maduka ya Ulaya bila kutafsiriwa, wamezoea maji ya alkali. pH ya Tanganyika inakaribia 9. Kwenye nyuzi 25 na pH 7, amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1 ya yote. Kwenye pH 9 inazidi theluthi. Kipimo kilekile ambacho samaki wa maji laini angekivumilia kitamwua huyu wa Kigoma.

Ukomavu unaweza kuazimwa. Sifongo ya kichujio kutoka tangi la zamani, lenye samaki wazima, ikitiwa kwenye kichujio kipya ikiwa bado mbichi, hufanya kazi ya mtindi unaobakizwa kibuyuni ili ugandishe maziwa ya kesho. Hata hivyo usihesabu tarehe, pima maji. Tia amonia kidogo bila samaki. Kesho yake ukikuta amonia na nitriti ni sifuri na nitrati imepanda, tangi limekomaa. Anza na samaki wawili watatu, kwa sababu bakteria waliopo wanatosha uchafu uliopo tu. Na siku ya kusafisha, sifongo isipelekwe bombani, maana klorini ya maji ya mji itaua bakteria na tangi litarudi kuwa changa na samaki wakiwa ndani. Ikamue kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini humohumo.