Bukavu: Nani anabeba uchafu, na anaupeleka wapi?

Kila mara mashine za Ruzizi ya Kwanza zinaposimama kwa sababu ya chupa na masashe, wakaaji wa Bukavu wanaanza kwa kulaumu SNEL. Lakini takataka zinazoziba mlango wa maji pale kwenye bwawa zinatoka jikoni, sokoni na kwenye mitaro ya mji. Na desturi ya kuzitupa ovyo ina umri mkubwa kuliko masashe yenyewe.

Wakati wa Wabeleji, mji huu ulipoitwa Costermansville, Wazungu walijenga nyumba zao kwenye rasi zinazoingia ziwani: La Botte, Muhumba, Nguba. Wafanyakazi Waafrika waliwekwa kando, Kadutu, juu ya mlima. Huduma ya usafi ilifuata mpango huo huo, kwanza kwa Mzungu, kisha kwa wengine. Katika parsela za Kadutu watu walichimba shimo, wakatupa humo maganda ya ndizi, majivu na majani. Vitu hivyo vilioza, shimo likajaa, likachimbwa lingine. Wakati huo mbinu hiyo ilifaa, kwa sababu nafasi ilikuwepo na karibu kila kilichotupwa kiliweza kuoza.

Katika miaka ya 1970 Mobutu alileta Salongo. Raia walitoka na majembe kufagia barabara na kuzibua mitaro, watake wasitake. Wazee wengi wanaikumbuka kwa uchungu, maana ilikuwa kazi ya lazima bila malipo. Wengine wanasema angalau mji ulikuwa safi. Wote wawili wana haki. Ila Salongo ilikuwa na kasoro moja ambayo inaendelea hadi leo: inakusanya uchafu kando ya barabara, haiupeleki popote. Lundo linabaki pale likingoja gari. Gari lisipokuja, mvua inakuja.

Kisha serikali ya Zaire ikaishiwa nguvu, mishahara ikapotea. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa wingi, na tangu 1996 vita vikasukuma watu wa vijijini kuelekea mjini. Nyumba zikapanda milima, zikabanana hadi parsela nyingi hazikuwa tena na mahali pa kuchimba shimo. Na wakati huo huo sashe na chupa ya plastiki vikaingia kila nyumba. Hivyo haviozi.

Hapo ndipo kazi ya kubeba uchafu ikawa biashara. Mashirika na vikundi vya vijana walianza kupita nyumba kwa nyumba, kila familia ikilipa kwa mwezi. Kando yao wakazaliwa wengine: kijana mwenye gunia, au mtoto wa barabarani anayepewa franka chache jioni ili “aondoe ile kitu”. Mwenye nyumba haulizi anaiondoa kwenda wapi. Mara nyingi ni kwenye korongo la karibu, au ndani ya mto Kawa, ambao unashuka moja kwa moja hadi ziwani. Wengine hawamlipi mtu hata mmoja. Wanangoja mvua kubwa, wanamwaga pubeli ndani ya mtaro, maji yanabeba.

Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Ruzizi, hapo hapo Bukavu. Kinachoelea kinaishia mbele ya bwawa lililoanza kutoa umeme mwishoni mwa miaka ya 1950. Wafanyakazi wanavua takataka kwa mitumbwi, na wapiga mbizi wanashuka kuondoa zilizozama. Chini zaidi kuna Ruzizi ya Pili, ya mwaka 1989, ambayo Kongo inagawana na Rwanda na Burundi. Kwa hiyo sashe la Kadutu linaweza kuzima taa hata ng’ambo ya mpaka.

Sheria haikosekani. Ile ya mazingira ya Julai 2011 inakataza kutupa taka mahali pasiporuhusiwa. Amri ya Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko ya plastiki. Mtu akipita sokoni Kadutu ataona jinsi amri hiyo inavyoheshimiwa.

Kwa familia inayotaka kulipa mbebaji wa kweli, swali la kwanza si bei. Ni: unaupeleka wapi? Shirika lenye ruhusa litataja mahali, na litaonyesha karatasi ya meya au ya komine. Lina siku inayojulikana, linatoa karatasi ya malipo yenye jina na muhuri, na wafanyakazi wake wana glavu na buti. Anayekuja usiku, bila jina, anayetaka pesa mkononi na kubadili bei kila safari, huyo si wa kuachiwa pubeli. Bei ndogo mno nayo inasema kitu: kukodi gari hadi nje ya mji kuna gharama, na asiyelipa mafuta hafiki mbali.

Kwenye avenyu za juu, ambako gari halipandi, mkokoteni au mgongo wa mtu ndiyo njia pekee. Huko nyumba kumi au kumi na tano zinaweza kwenda pamoja kwa mkubwa wa kartye na kuomba mahali pa kukusanyia chini barabarani, kwa siku iliyopangwa, maana hakuna gari litakalokuja kwa ajili ya pubeli moja.