Shamba Kitabuni, Jua Mkononi: Wazee Wetu na Kazi Mpya

Kila nisomapo mipango ya kuwaandaa wananchi kwa kazi za kijani na za kidijitali, nakutana na neno lile lile: vijana. Mkulima wa miaka 55 hatajwi, kana kwamba umri umekwisha kumfuta katika hesabu ya uchumi.

Nchi hii iliwahi kufikiri kinyume. Mwaka 1964, akiwasilisha Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alieleza kuwa watu wazima ndio waelimishwe kwanza, kwani matunda ya elimu ya watoto yangechelewa kwa miaka mingi. Kauli hiyo haikuishia jukwaani. Kati ya 1968 na 1972, mradi wa majaribio wa Serikali na UNESCO katika Mikoa ya Ziwa ulifundisha kusoma kupitia kazi ambazo watu walikuwa nazo tayari: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji. Mzee hakuambiwa aliache shamba. Shamba ndilo lililoingizwa kitabuni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kwa takwimu za Serikali, wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Kufikia 1986 walikuwa kama asilimia 10.

Wanafunzi wangu hupenda kuishia hapo, kwa fahari. Mimi huwasogeza mbele kidogo. Kisomo kilifika vijijini, lakini kazi mpya ya kukitumia haikufika. Uchumi ulipodhoofika miaka ya 1980, magazeti ya vijijini na maktaba zikafifia, na wapo waliosahau hata walichokwisha kukijua.

Ndiyo maana kituo cha Kinyasini, Unguja, kinastahili kuangaliwa kwa makini. Chimbuko lake ni Barefoot College, taasisi iliyoanzishwa na Bunker Roy huko Tilonia, India, mwaka 1972. Wanawake wa vijijini, wengi wao mama na bibi, baadhi wasiowahi kukaa darasani, hujifunza ufundi wa umeme wa jua kwa rangi na ishara. Kijiji ndicho kinachowachagua. Kaya huchangia kila mwezi, na katika mchango huo fundi hupata ujira wake. Vyeti havitolewi. Roy hudai, nami namwamini, kwamba cheti humhamishia mwenyewe mjini.

Hapo somo na riziki vimefungwa pamoja tangu mwanzo. Sasa tutazame utaratibu wetu wa mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwanamume wa miaka 60 asiye na ulemavu, tukimfundisha leo kutengeneza pampu ya jua, kesho ataomba fedha za vifaa katika fungu lipi?