Wazanzibari wa Durban: Jina la Karatasini na Jina la Nyumbani



Hapa Turffontein, kusini mwa Johannesburg, jirani na uwanja wa mbio za farasi (ule ambao Waingereza waliugeuza kambi ya wanawake na watoto wa Makaburu mwaka 1901), Kiswahili hakikosi. Tukikaa barazani kuzungumza habari za Waswahili wa nchi hii, hakosi mtu wa kusema: mbona Wazanzibari wako Durban tangu enzi ya Barghash! Ni kweli wako. Ila hilo jina lina mambo yake, na naona sisi watu wa pwani tunalipokea haraka mno kwa sababu linatufurahisha.

Tuanze na majalada, ambayo mengi yamehifadhiwa Pietermaritzburg. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alifika Unguja kumbana Sultani Barghash, na mwezi Juni mkataba wa kufunga soko la watumwa ukatiwa saini. Manowari za Kiingereza zilikuwa zinakamata majahazi ya watumwa, na hapo likazuka swali: watu hawa wapelekwe wapi? Natal nayo ilikuwa inalilia vibarua wa mashamba ya miwa. Basi Agosti 1873 manowari Briton ikateremsha Durban kundi la kwanza, watu zaidi ya 100, na kufikia 1880 walishafika kama 500 hivi. Walioitwa huru wakafungwa mikataba ya kazi ya miaka, chini ya ofisi ile ile iliyosimamia vibarua wa Kihindi. Uhuru wa aina yake! Na kwa kuwa walipitishwa Unguja, wakabaki na jina la bandari.

Sasa wasikilize wazee wao. Lugha iliyolelewa majumbani ni Kimakua hasa, cha kaskazini ya Msumbiji, na wenyewe hujiita Amakhuwa. Wako waliochukuliwa na mapadri wa Kikatoliki pale Bluff. Waislamu walijikusanya King's Rest, huko huko Bluff, kwenye ardhi iliyonunuliwa mwaka 1899 na wadhamini wa Msikiti wa Juma wa mtaa wa Grey. Walikuwa na msikiti wao, ziara zao na dhikiri zao.

Halafu ukaja ubaguzi wa rangi na sheria zake za 1950, kila mtu aandikwe kabila la serikali na akae mtaa wa kabila hilo. King's Rest ikatakiwa iwe ya Wazungu. Kuandikwa Mbantu maana yake pasi mfukoni na kupelekwa lokesheni. Hapo ndipo jina la karatasini lilipofanya kazi: Zanzibar si ya Sultani Mwarabu? Basi hawa ni watu wa Asia! Mwaka 1961 wakaandikwa "Waasia Wengine", wakahamishiwa Chatsworth, kwa Wahindi. Bluff waliipoteza, lakini pasi waliikwepa. Wamakua wa Msumbiji wakawa Waasia kwa mhuri. Ukitaka kucheka, cheka.

Zubeida Seedat aliwaandikia tasnifu Chuo Kikuu cha Natal mwaka 1973, na Preben Kaarsholm mwaka 2014 akauliza katika makala yake kama ni Wazanzibari au Amakhuwa. Hiyo "au" mimi hainikai vizuri. Mwanahistoria anayefika Chatsworth kuwasahihisha, kwamba nyinyi si Wazanzibari, anawanyang'anya ngao iliyowakinga. Na sisi tunaokwenda kuwadai kama ndugu zetu wa Unguja tunafuta Umakua ambao bibi zao waliutunza karne nzima, mbali na kwao.

Vita vya Msumbiji vilipokwisha mwaka 1992, Wamakua wa huko walianza kuingia Durban kutafuta riziki. Wakafika Chatsworth, wakakuta watu wenye lugha yao, wakaswali nao. Kimakua kikapata wasemaji wapya.