Maua Makech

Wenye bustani za mjini hununua mbegu kwa pakiti. Sisi wa Katito, magharibi mwa Kenya, ua letu la kudumu tunaombana kwa vijiti. Unakata shina lililokomaa, urefu wa mkono hadi kiwiko, unalidunga ardhini masika yakianza, basi. Maua makech, ndivyo tunavyoyaita, hayataki kubembelezwa.

Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. William Hemsley, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, aliyaeleza kisayansi mwaka 1881, kisha yakaletwa Afrika kama pambo, kwa ajili ya manjano yake yanayofanana na alizeti. Huku kwetu pambo likageuka ugo wa boma. Ng'ombe hawakimbilii majani yake machungu, na tumbo likiuma nyanya yangu aliyachemsha akatunywesha kwa nguvu. Jumamosi jioni alinituma niyakate ya kanisani, jua likiwa limepoa. Nilipukutisha majani ya chini na kutumbukiza mashina papo hapo kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo wenye maji. Yakikatwa adhuhuri hunyauka kabla mhubiri hajafika.

Miaka ya 1990 wataalamu wa mashirika ya utafiti ya ICRAF, KARI na KEFRI waliokuwa Maseno wakaanza kuyapima majani hayo. Makala ya Bashir Jama na wenzake ya mwaka 2000 inataja nitrojeni asilimia 3.5 na potasiamu asilimia 4.1 katika jani kavu. Tena huoza upesi mno likifukiwa. Mbolea ilikuwa imesimama kwenye ugo muda wote huo! Ila kipimo cha majaribio kilikuwa tani 5 za majani makavu kwa hekta, na mabichi ni mazito mara kadhaa. Hesabu zikaonyesha kwamba kwa mahindi kazi ya kukata na kubeba inakula faida, afadhali sukumawiki. Mama yeyote aliyewahi kujitwika mzigo huo angewaambia hivyo bila mizani.

Mimi nafukia kwenye sukuma tu. Jani lina nguvu zaidi kabla mmea haujachanua, kwa hiyo anayetaka mbolea hukosa maua. Ugo wa upande wa shamba naukata mapema. Ule unaotazama barabara ya Sondu siugusi, na wa kanisani wanajua pa kubisha hodi.