Fundi na saidia fundi

Kitenzi cha asili ni kufunda, na kungwi bado humfunda mwali. Ndiko yalikotoka maneno kufundisha, mafunzo na mwanafunzi, pamoja na fundi, ndugu yao aliyehamia karakana.

Serikalini Tanzania amegawanywa: fundi mchundo ni wa patasi na spana, fundi sanifu ni wa diploma na michoro. Kwenye karatasi za mishahara mgawanyo huo unafaa. Kwenye mlango wa Kizanzibari, sina hakika. Anayechora nakshi za mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, kwa kompyuta bila kuwahi kushika patasi ataweka petali yenye ncha nyembamba ikikatiza nyuzi za mbao. Mchongaji akigonga mara mbili, ncha imeruka. Kwenye kioo ilipendeza kweli.

Anayejifunza kazi tulimwita mwanagenzi. Siku hizi nasikia “saidia fundi” tu, tena kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. Saidia fundi anachanganya zege, anabeba tofali, jioni analipwa posho yake. Hakuna aliyeahidi kumfunza chochote. Akijua kujenga, amejua kwa kuiba kwa macho.

Jeshi halikumwacha anayejifunza bila jina wala mwalimu. Lilitohoa kuruta kutoka Kiingereza, na kuruta anafungua bunduki, anaisafisha, anaifunga tena mpaka vidole vizoee. Afande anamfokea, lakini kumfunza ni wajibu wake, na siku ya kuhitimu inajulikana. Saidia fundi husubiri siku fundi atakapochoka na kumwachia mwiko.