Redio Inayojua Nani wa Kuamshwa

Aprili 1974 tornado ziliua zaidi ya watu 300 nchini Marekani kwa siku mbili. Mwaka uliofuata serikali ikaiteua redio ya hali ya hewa ya NOAA, shirika la serikali la bahari na anga, kupeleka maonyo moja kwa moja majumbani. Hata hivyo, hatua kubwa zaidi ilikuja miaka ya 1990, kwa msimbo wa SAME, unaotaja eneo linaloonywa. Awali king'ora kiliamsha kila nyumba iliyofikiwa na mnara, hata iliyo mbali na hatari, na anayeamshwa bure mara kwa mara huishia kuzima redio. Sasa mwenye redio huingiza tarakimu sita za kaunti yake, na maonyo ya kaunti nyingine yakapita kimya. Wapo wasemao simu zinatosha. Lakini dhoruba huangusha minara ya simu pia. Minara ya NOAA haina kinga, ni kweli, ila njia mbili ni vigumu kunyamaza pamoja.